Jamvi la familia: Sakafu inamlinda mtoto, zege bichi linaunguza

Pita Chanika, Kivule au Mkuranga Jumamosi yoyote ya kiangazi, hutakosa nyumba moja ambayo uani kwake kuna fungu la kokoto, fungu la mchanga, pipa la maji na watu kumi na kitu wameshika machepe. Hao si wafanyakazi wa kampuni. Ni shemeji, binamu, jirani wa upande wa pili na vijana wawili waliotoka kusali naye mwenye nyumba. Pembeni, chini ya mwembe, sufuria kubwa imeshainjikwa. Leo wanamwaga jamvi.

Sababu yake inajulikana: fedha. Anayelipwa ni fundi mmoja wa kuongoza, nguvu nyingine zote zinatoka kwa ndugu, na malipo yao ni chakula cha mchana pamoja na ahadi kwamba zamu yao ikifika nawe utakuja. Ule msaragambo wa wazee wetu haujafa, umehamia mjini na kubadilisha jembe kwa chepe.

Ukurasa huu umezoea kuandika chanjo, lishe na homa za watoto. Leo tunaandika saruji, kwa sababu sakafu ni moja ya sehemu chache za nyumba zinazofika mpaka tumboni kwa mtoto. Na kwa sababu siku yenyewe ya kuimwaga inaweza kumpeleka ndugu yako hospitalini kwa jeraha ambalo wengi hawajui kama lipo.

Sakafu na tumbo la mtoto

Mtoto wa miezi tisa anaishi chini. Anatambaa, anaokota, anaweka mdomoni. Chumba chenye sakafu ya udongo kinamwekea mdomoni kila kilichokanyagwa na kuletwa ndani: kinyesi cha kuku, matope ya chooni, mayai ya minyoo. Mayai ya minyoo ya mviringo yanaweza kukaa hai kwenye udongo kwa miaka. Viluwiluwi vya safura havisubiri hata kumezwa, vinapenya kwenye ngozi ya mguu peku, vinasafiri hadi kwenye utumbo na kuanza kunyonya damu. Ndiyo maana mtoto mwenye safura hupauka na kuchoka hata kama anakula vizuri.

Kisha kuna funza. Huyu mdudu si wa kwetu kwa asili, alivuka kutoka Amerika Kusini na kuingia Angola mwaka 1872 kwa meli, kisha akasambaa Afrika katika miongo michache tu. Mayai yake huanguliwa na kukua kwenye udongo mkavu wenye vumbi, ambao kwa nyumba nyingi za vijijini ndiyo sakafu ya chumba cha kulala. Unaweza kuwatoa funza miguuni mwa mtoto leo, kesho akawapata wengine akiwa amelala.

Ushahidi unaonukuliwa zaidi kuhusu sakafu ya saruji unatoka Mexico. Mwaka 2000, Jimbo la Coahuila lilianzisha mpango ulioitwa Piso Firme, yaani sakafu imara. Familia zilizokuwa na sakafu ya udongo zilipewa zege la kutosha hadi mita 50 za mraba. Lori lilifika mtaani likimwaga nyumba hadi nyumba, na kazi ya kuandaa chumba na kulisambaza zege ilibaki kwa wenye nyumba. Kwa maneno mengine, ilikuwa Jumamosi ya Chanika, isipokuwa kuchanganya.

Wachumi watano, akiwamo Paul Gertler wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakalinganisha watoto wa Mji wa Torreón, uliopata mpango huo, na wa Gómez Palacio na Lerdo, miji jirani kabisa lakini iliyo upande wa pili wa mpaka wa jimbo, ambako mpango haukuwapo. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2009. Makadirio yao ni kwamba nyumba ikibadilisha sakafu yote ya udongo kuwa ya saruji, maambukizi ya minyoo na vimelea wengine kwa watoto wadogo yanapungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Watoto walifanya vizuri zaidi hata kwenye vipimo vya lugha. Mama zao nao walikuwa na msongo mdogo na dalili chache za sonona, jambo ambalo mzazi yeyote aliyewahi kufagia sakafu ya udongo wakati wa masika hahitaji mchumi kumweleza.

Usizibebe namba hizo kama zilivyo ukazitundike ukutani kwako. Torreón ni mji wenye mazingira yake. Familia inayochota maji kisimani na kutumia choo cha jirani itapata nafuu kwa sakafu, lakini mtoto bado atakunywa maji hayo na kucheza kwenye uwanja huo. Dawa za minyoo zinazotolewa shuleni bado anazihitaji, na viatu pia. Na si lazima sakafu iwe ya zege ndiyo isafishike. Rwanda kuna shirika linaloitwa EarthEnable ambalo hutengeneza sakafu za udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta maalumu ya mimea hadi zikawa ngumu na zinazopigika deki, kwa sababu saruji kwa familia nyingi ni ghali. Hapa kwetu, hata hivyo, ndoto ya wengi ni zege, na zege ndilo wanalomwaga.

Tani tatu kwa mikono

Chukua chumba kimoja cha mita 3 kwa 4, jamvi la unene wa sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 1.2 za zege. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unahitaji mifuko minane ya kilo 50. Kila mfuko unakula takriban ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, kwa ndoo ya lita 20, na maji ndoo moja na robo hadi ndoo moja na nusu. Mchanga ukiwa umenyeshewa, maji yanapungua.

Pima uzito wa vyote hivyo, unapata karibu tani tatu. Kwa chumba kimoja. Na bila mashine hizo tani tatu hazinyanyuliwi mara moja: zinageuzwa zikiwa kavu, zinageuzwa tena zikiwa na maji, zinabebwa kwa karai au toroli, halafu zinasambazwa. Ndiyo maana Jumapili asubuhi mashemeji hawaonekani.

Mfuko wa kilo 50 ni mzito kuliko mtoto wa miaka kumi. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, inaweka kilo 23 kama kiwango cha juu cha kunyanyua kwa mikono hali ikiwa nzuri kabisa. Kwa hiyo mfuko unabebwa na watu wawili, au unasogezwa kwa toroli. Mjamzito hauhusiki kabisa, hata kama anasema anaweza, na hata kama wakati wa ujauzito wa kwanza alibeba.

Kuhusu maji nina neno, maana hapa afya na ufundi vinakutana. Zege likiwa zito kugeuza, mikono ikichoka, kuna mtu ataongeza ndoo ya maji ili liteleze. Kila fundi analijua jaribu hilo. Zege la majimaji linasambaa kirahisi, lakini likikauka linakuwa dhaifu, linapasuka, na juu yake linatoa vumbi kila unapofagia. Miezi sita baadaye una nyufa zinazoshika uchafu na sakafu isiyopigika deki vizuri. Umetumia fedha ya saruji kurudi nusu ya njia kwenye udongo. Bora kuongeza watu wa kupokezana chepe kuliko kuongeza maji.

Haliumi, ndiyo hatari yake

Sasa jeraha. Saruji ikikutana na maji hutengeneza chokaa kali. Ngozi yetu kwa kawaida ina asidi kidogo, pH ya karibu 5.5. Zege bichi lina pH ya 12 hadi 13, sawa na dawa kali za kuzibulia mabomba. Halikuunguzi kama chai ya moto. Linaila ngozi taratibu, linayeyusha mafuta yake, linazama ndani, na kwa saa ya kwanza au ya pili huenda usisikie kitu zaidi ya mwasho.

Mjomba wangu mmoja ni dereva wa bodaboda Mkuranga. Mwaka jana alikwenda kumsaidia shemeji yake kumwaga jamvi la vyumba viwili. Alijiandaa kuliko wenzake waliovaa kandambili, yeye alikuwa na gambuti. Lakini gambuti zilikuwa fupi, suruali ameichomeka ndani, na alipokuwa akilisogeza zege kwenye kona, uji wake ukamiminika ndani ya buti la kulia. Soksi ikalowa. Mkewe alimwambia, “Baba, vua hilo buti ujimwagie maji,” naye akajibu kwamba ni tope tu, akimaliza kona ile atavua. Kona ile ilifuatiwa na nyingine. Alivua saa kumi jioni, saa nne baadaye, na soksi ikatoka na ngozi.

Zahanati walimwosha, wakamfunga, wakampa rufaa. Kidonda kwenye kifundo cha mguu kilichukua zaidi ya wiki sita kufunga, na kwa wiki hizo pikipiki ililala na hesabu ya bosi haikulala. Ukitafuta kilichomuumiza, ni buti ambalo lilimzuia kuona na kulifungia zege karibu na ngozi. Anayemwaga zege akiwa peku angalau huiona miguu yake ikibabuka.

Mahali pengine ni magoti. Anayelainisha sakafu kwa mwiko hupiga magoti kwenye zege bichi kwa saa nzima, suruali ikilowa na kunata. Hospitalini huwafika wagonjwa wa aina hii wakiwa na magoti yote mawili yameungua hadi ndani, wengine wakihitaji kupandikizwa ngozi.

Kwa hiyo, mavazi. Gambuti ndefu, suruali ikiwa nje ya buti na si ndani yake. Glavu za mpira, maana zile za kitambaa zinanyonya maji ya zege na kuyashikilia mkononi kama bandeji ya sumu. Shati la mikono mirefu. Anayepiga magoti awe na ubao chini yake, au afunge magoti kwa nailoni nzito. Miwani ya kukinga macho ikipatikana ni bora, hata ile ya fundi wa kuchomelea yenye kioo cheupe. Pete na bangili zibaki nyumbani.

Halafu maji. Pipa la kuchanganyia zege halihesabiki, kwa sababu ndimo machepe yanamooshwa na maji yake nayo yanaunguza. Weka pembeni madumu mawili au matatu ya maji safi, yafunikwe, na tangazo litolewe asubuhi kwamba hayo ni ya kujioshea tu. Zege likiingia kwenye buti au likalowesha nguo, kazi inasimama hapo hapo. Nguo inavuliwa, saruji kavu inapanguswa kwanza, kisha sehemu hiyo inamwagiwa maji yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi kuliko unavyodhani, ziangalie kwenye simu. Usipake dawa ya mswaki, mafuta, asali wala yai. Ngozi ikiwa imebadilika rangi, imepata malengelenge au maumivu yanaongezeka, nenda kituo cha afya na utaje neno saruji, usiseme tu “nimeungua”.

Jicho ni dharura. Mlaze mtu ubavu, fungua kope kwa vidole, mwaga maji polepole kutoka upande wa pua kwenda nje kwa dakika zisizopungua 20, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri hadi Jumatatu.

Kuna jambo jingine linalokuja kimyakimya. Saruji ina kromiamu, ambayo kwa baadhi ya watu huamsha mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha madini hayo kwenye saruji tangu mwaka 2005 kwa sababu hiyo. Ndugu ambaye kila akigusa saruji mikono yake hupasuka na kuwasha, huyo msimpe chepe. Mpeni kazi ya kuhesabu ndoo, ambayo nayo ni muhimu.

Watoto waende wapi?

Jibu langu ni fupi: kwa bibi, kwa jirani, popote pasipo na chepe. Najua mtoto wa miaka minne anataka kuona, na picha yake akiwa na kijichepe inapendeza kwenye kundi la familia. Lakini urefu wake unayaweka macho yake sawa kabisa na kimo cha zege linaporushwa. Pipa na ndoo za maji ni hatari nyingine. Mtoto anayejifunza kutembea akitumbukia kichwa kwenye ndoo hawezi kujitoa, na siku yenye watu kumi na tano kila mmoja anadhani mwenzake anamwangalia. Mpeni mtu mmoja mzima kazi hiyo kwa jina, na asipewe nyingine.

Vipi wakubwa, wa miaka 13 au 15? Wengi ndio wanaobeba maji na kokoto siku hizo, na mzazi huona ni kumfundisha maisha. Kufundishwa kazi si dhambi. Ila Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, na inakataza kumfanyisha kazi za hatari. Kuchanganya saruji na kubeba mifuko naziweka huko bila kusita. Wapo wanaoweza kuchota maji kwa ndoo ndogo, kuhesabu vipimo, kupeleka maji ya kunywa, au kushika upande mmoja wa futi fundi anapopima kabla zege halijaja.

Vumbi nalo lina watu wake. Mfuko unapopasuliwa, simama upande unakotoka upepo, uvae barakoa, na umwage chini taratibu badala ya kuutikisa. Mtu mwenye pumu asiwe karibu. Mama anayenyonyesha akiitwa na mtoto akiwa kazini, abadilishe nguo na kunawa hadi viwiko kabla ya kumshika. Na chakula kikiiva, kila mtu anawe kwa sabuni na maji ya bomba au ya madumu yale, maana ugali unakulwa kwa mkono ule ule ulioshika chepe.

Kama fundi atanyunyiza dawa ya mchwa kabla ya kutandika nailoni, hiyo ni sumu na inahitaji siku yake. Watoto, kuku na mbuzi wakae mbali, na kopo lake lisirudi jikoni kuwekewa mafuta ya taa wala maji.

Wiki baada ya pilau

Watu wakishakula na kuondoka, wengi huona kazi imeisha. Zege halikauki tu, linakomaa, na linahitaji maji ili likomae. Limwagilie asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua saba, likiwa limefunikwa kwa magunia au nailoni ili jua lisilinyonye. Kwa wiki hiyo linapata takriban theluthi mbili ya nguvu yake, na kipimo cha nguvu kamili hufanywa siku ya 28. Anayemwagilia siku za mwanzo avae viatu, na watoto wasikanyage madimbwi ya juu yake.

Usiwashe jiko la mkaa ndani ili chumba kikauke haraka. Zege utaliharibu, na hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua bila harufu ya kukuonya. Vilevile usihamishie godoro la mtoto juu ya sakafu mbichi, hasa mwenye kifua kibovu. Unyevu unaotoka chini unaota ukungu kwenye godoro kabla hujauona. Fungua madirisha, ngoja mwezi.

Yote haya ni kwa jamvi lililokalia ardhi. Likiwa ni la ghorofa, au mfuniko wa shimo la choo na karo, msiite mashemeji mkaanza. Zege linaloning'inia juu ya watu au juu ya shimo linahitaji nondo zilizopigiwa hesabu na mtaalamu, na mbao za kulishikilia hadi likomae.

Mifuko mitupu ya saruji msiikung'ute ndani wala kumpa mtoto ajengee kibanda. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi. Na lile pipa, ambalo kila nyumba hulisahau uani likiwa na maji nusu: Dar es Salaam imekuwa na milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama kama hayo. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Umwagiliaji ukiisha siku ya nane, mwaga maji yaliyobaki na ulilaze pipa kifudifudi.